Siku Niliyokataa Kushika Sukari ya Mionzi

Jumatano, Mei 1995

Shajara yangu, leo asubuhi jua liliwaka vizuri, na mchana mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati ya maabara, kama kawaida ya Kakamega. Wenzangu walikimbilia madirisha. Mimi sikushtuka. Siku hizi sishtuki. Naamka, navaa, nachapa kazi, narudi. Mtu akiniuliza habari nasema nzuri, na wala simdanganyi, kwa sababu mbaya pia siisikii.

Nina mimba.

Nimekuandikia wewe kwa sababu huna mdomo. Hii ni ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa changa, na ile ya pili nilikuwa nimeshamwambia kila mtu, hadi yule mama anayeuza nguo za watoto sokoni. Mama mkwe aliniambia neno moja tu wakati ule: "Mambo ya tumbo haitangazwangi, mama." Hakuwa mkali, lakini neno hilo lilinikaa. Sasa amekuja kututembelea kutoka Chekalini na gunia la mahindi, na bado yupo. Sijamwambia yeye, wala mwanawe Wafula, mume wangu, ambaye yuko kazini Nairobi. Kufurahi nako nimejinyima.

Kazi ya leo ilikuwa ini la sungura. Nieleze kidogo, maana hata dada yangu hudhani sisi ni wachinjaji wenye makoti meupe. Tunamlaza sungura kwa dawa, tunalitoa ini lake zima, tunaliweka kwenye sahani ya kioo, halafu pampu inalipitishia damu yenye joto kwa mpira mwembamba. Ini hilo huendelea na kazi kwa saa kadhaa. Halijui kwamba mwenyewe ameshakufa. Linatengeneza protini za damu, zile zinazobeba sukari mgongoni, na ukiliwekea sukari yenye mionzi, protini zinatoka zikiwa na alama. Baadaye unazitenga, unamdunga sungura mwingine, kisha unazifuatilia kwa mashine uone zinakwenda wapi.

Mimi ndiye ninayefunga ule mpira kwenye mshipa. Nikaufunga, nikawasha pampu. Ini lililokuwa limepauka likaanza kuwa jekundu na kung'aa, nyongo ikadondoka. Daktari, mkuu wetu, alifurahi mpaka akapiga mluzi. Akanielekeza kwenye kichupa cha sukari ya mionzi.

"Haya mama, weka."

Sheria ya kazi hii naijua. Mwenye mimba hashiki mionzi, na ni lazima aseme. Siku zote zilizopita tulikuwa tukifanya majaribio bila mionzi, kwa hiyo nilinyamaza. Leo nikasimama pale na glavu zangu, nikakitazama kile kichupa. Nikajiambia ni kidogo tu, ni dakika chache. Nikitangaza halafu ikatoka tena, nitamwangaliaje mama mkwe? Na nikiweka halafu ikatoka tena, nitajiangaliaje mimi?

Nikavua glavu.

"Daktari, niko mzito."

Hakusikia. Mawe yalikuwa yakipiga mabati na pampu ikinguruma. Ikabidi nirudie kwa kupaza sauti, na hapo maabara nzima ikasikia, hadi fundi wa stima aliyekuwa kwenye veranda akijikinga mvua. Mimi, niliyeapa kutomwambia hata mume wangu.

"Wewe mama! Kitu kama hiyo inafichwanga?" daktari akasema. Kisha akashusha sauti. "Enda ukae nje ya huo mstari. Nitaweka mwenyewe."

Akaweka. Nikakaa upande wa pili wa mstari mwekundu uliochorwa sakafuni kuonyesha mpaka wa mionzi, mikono mapajani, nikilitazama ini likifanya kazi bila mimi. Nilingoja nijisikie vibaya, au vizuri. Sikusikia kitu.

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Nikachukua mtungi niende bombani. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya kunde, na hakuinua kichwa.

"Weka hiyo mtungi chini. Nitachota mimi."

"Mama, si uzito..."

"Nimesema weka. Nilijua siku ile nilikuja. Nakuangalianga tu."

Akanipokonya mtungi, akaenda zake akiruka madimbwi, mwanamke wa umri ule. Nikaketi kwenye kiti chake, nikaanza kumchambulia kunde, na ghafla nikaogopa. Niliogopa mpaka majani yakanidondoka mkononi. Nikalia pale mlangoni bila kujali anayepita.

Namtaka huyu mtoto. Namtaka sana.

Kesho kabla ya kazi nitapita posta nimpigie Wafula simu. Nitamwambia yote, na nitamwambia kwamba naogopa.