Mama Mkwe Amenidhania Lata

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi maana Jumamosi inakuja mbio na mimi sijui nicheke au nikimbie.

Mimi ni fundi cherehani, nashona chumba kimoja na mama mkwe wangu, mashine zetu zimetazamana, na tangu niolewe ugomvi wetu ni mmoja tu, waimbaji wa filamu za Kihindi, yeye ni Lata na Rafi asubuhi hadi jioni, mimi nikiweka Shreya au Arijit anaziba masikio kwa vipande vya kitambaa, anasema, "Zamani waliimba na bendi nzima chumbani, hawa wenu wanaimbiwa na kompyuta," hata Alka niliyekua nikimsikiliza kwenye kanda anamwita mtoto, na anaapa kwamba Lata anamjua kwa pumzi tu. Basi shetani akanipitia, nikajifungia stoo kwenye majora ya vitambaa, nikajirekodi kwa simu nikiimba wimbo mmoja wa zamani, maneno nayajua yote, maana yake sijui hata ya neno moja, nikauchomeka katikati ya nyimbo zake kwenye flashi ili nimuumbue. Mshauri, wimbo wangu ulipofika aliacha kushona, machozi yakamtoka! Akasema, "Huyu ni Lata akiwa msichana, bila ala. Sikiliza, mwanangu, siku hizi hampati mtu wa hivi." Furaha ilinilevya, mimi, Lata! Badala ya kuungama, nikaurudisha wimbo mwanzo. Kumbe kesho yake akaipeleka flashi redioni, kwenye kipindi cha nyimbo za Kihindi, na mtangazaji kamwalika Jumamosi aeleze alivyoutambua, ameshajishonea gauni, ameshatangazia wateja wote. Nikisema ataniona nyoka, nikinyamaza atachekwa na mji mzima. Nifanyeje?

Fundi wa Vifungo

Fundi, hongera, na aibu yako! Barua yako nimeisoma nimesimama. Ulimchimbia mama wa watu shimo, sasa analiendea na gauni jipya.

Kuhusu ugomvi wenu, nyote mmekosea. Enzi za Lata na Rafi, mpiga fidla mmoja akiteleza, wote walianza upya, ndiyo maana unasikia ule umakini. Shreya leo anakuta muziki ushapigwa, anaimba peke yake, nako kuna kazi yake. Kompyuta hunyoosha pindo, haifumi kitambaa. Na wewe hukuwa na bendi wala kompyuta, ulikuwa na majora tu!

Sasa nisikilize. Usimtume mumeo, wala usiandike ujumbe. Leo hii wateja wakiondoka, zima cherehani zote mbili, kaa mbele yake, uimbe wimbo uleule mwanzo hadi mwisho. Atakasirika, na ana haki. Omba radhi bila kujitetea, bila hata "lakini" moja. Kesho mpigieni mtangazaji pamoja, mumwambie ukweli, na Jumamosi nendeni wawili, yeye aeleze, wewe uimbe.

Miaka yote hii mama mkwe wako amelia kwamba hakuna tena anayeimba hivyo, nawe umekaa mbele yake unashona vifungo. Mpe habari kwamba yupo, kwa mdomo wako mwenyewe, leo.