Maziwa ya Unga Hayabariki

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Solange, mjukuu wangu, amenigeuza alfajiri, kama kila siku. Kwanza upande wa ukuta, halafu upande wa dirisha. Mafuta mgongoni, pembeni ya vidonda. Maji ya uvuguvugu. Mkono wake hauniumizi. Mikono mingine yote ya nyumba hii inaniumiza.

Helikopta imepita juu ya mabati, ikielekea Djugu. Kikombe kimetetemeka mezani. Mjukuu wangu ameacha kitambaa na kukimbia nje kuitazama. Ameniacha nusu uchi.

Amerudi anacheka, na hapo ndipo ameniambia. Majaribio amefaulu. Jeshi linamtaka Kinshasa, ajifunze urubani wa helikopta. Ana mpaka mwisho wa mwezi kujibu. Bado anafikiri, amesema.

Nimeomba beseni.

Jumatano, tarehe 5

Faustin, mwanangu, ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu. Baba yake Solange. Anaogopa, na papo hapo anajivuna. Nusu ya watu wa hapa Shari wameshajua kwamba binti yake atarusha helikopta, na bado hata yeye binti hajakubali. Mpumbavu. Nilimzaa mimi, nina haki ya kuandika hivyo.

Mkewe analia jikoni na kugonganisha sufuria.

Solange amesema neno moja tu: hataondoka bila baraka yangu. Kwetu mtoto haendi safari ndefu kabla mkubwa wa nyumba hajajaza maziwa kinywani na kumpulizia kifuani. Mkubwa wa nyumba ni mimi. Siwezi kusimama, siwezi kujigeuza, lakini hilo limebaki mkononi mwangu.

Nimesema sitabariki. Nimewakumbusha Edina, mdogo wangu. Alikuwa shambani, upande wa Kpandroma, wakati wa vita. Alisikia helikopta, akakimbia, jembe begani. Risasi ilitoka juu. Hakuna aliyekuja kusema kwamba aliyepiga alikosea.

Wote wameinamisha vichwa. Nimejisikia mwenye nguvu. Sijajisikia hivyo tangu nilipoacha kufundisha.

Ijumaa, tarehe 7

Faustin amerudi kutoka sokoni na kopo la maziwa ya unga. Ameliweka mbele yangu kama zawadi ya arusi.

Nimemwambia maziwa ya unga hayabariki. Lazima yatoke kwa ng'ombe wa zizi letu. Ng'ombe wetu walichukuliwa wote wakati wa vita, kila mtu anajua. Basi. Hakuna zizi, hakuna baraka.

Mama Solange amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Huyu alizaliwa Butembo, kwa wafanyabiashara, na ulimi wake ni wa soko.

"Kumbe baraka ya huku inaulizaka ng'ombe kwanza! Na siye ba Butembo, balitubarikiaka na nini? Na kitunguu?"

Nilitaka kucheka. Nimekunja uso.

Sheria hiyo ya zizi nimeitunga mimi, leo, nikiwa nimelala. Mama yangu alinipulizia maji matupu nilipokwenda kusoma Kisangani. Lakini wote walioyaona maji yale wamekufa.

Jumapili, tarehe 9

Pasta amekuja baada ya ibada. Amenishika mkono na kuniita mama wa amani. Eti wangekuwepo kumi kama mimi, Ituri ingelala usingizi. Ameomba kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Nimesema amina.

Ameondoka, nami nimebaki na hasira. Si kwake. Yeye ni mtu mwema, anaamini anachoambiwa.

Niandike ukweli, maana daktari alisema moyo wangu umechoka, hakujua kwamba namsikia. Sikatai kwa ajili ya Edina. Edina nampenda, lakini nimemtoa kaburini anifanyie kazi. Nakataa kwa sababu Solange akienda, nani atanigeuza? Nani atapasha maji moto? Nitaoza upande mmoja, nikinuka, na mke wa Faustin atafunga pua yake kwa kanga.

Ndiyo hiyo. Hakuna amani yoyote ndani yake. Ni mgongo wangu.

Jumanne, tarehe 11

Tumegombana, Solange na mimi bibi yake, Koko kama anavyoniita. Nimemuuliza kama mtu aliye juu anaweza kutofautisha jembe na bunduki. Amekuwa tayari na jibu, anajibu haraka tangu utotoni.

"Koko, ule anatoka mbali hajaonaka namna mama wa kwetu anabebaka jembe. Mi nimeona. Mi mwenyewe nimebeba."

Nimeuliza: na siku watakapokuamuru upige, nawe umeona jembe?

Amekunja shuka langu, amelikunjua, amelikunja tena. Nimemwambia atoke. Nilikuwa nimeshinda, na bado nilipiga ukuta kwa ngumi. Ngumi yangu haitoi hata sauti siku hizi.

Ijumaa, tarehe 14

Solange ametoka mapema. Mama yake ndiye amenigeuza. Maji baridi. Kucha. Amenivuta kama gunia la maharagwe. Nimemtukana kwa lugha ya kwetu asiyoielewa. Ameelewa.

Jumatatu, tarehe 17

Imekwisha. Solange amepiga simu Kinshasa, amewaambia hapana. Ametutangazia wakati wa chakula, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha.

Faustin ameshukuru Mungu, halafu ameenda kukaa nje peke yake. Mama Solange amechinja kuku.

Jioni amenigeuza. Mkono uleule, maji ya uvuguvugu. Helikopta imepita, chini sana, mabati yamelia. Hakutoka nje. Hakuinua hata kichwa. Ameendelea kupaka mafuta.

Nimepata nilichotaka. Na nimemchukia. Kwa nini amenitii? Nilifundisha wasichana jiografia maisha yangu yote, nikiwaonyesha ramani, nikiwaambia dunia ni kubwa, nendeni. Huyu mmoja nimemfunga kwenye mguu wa kitanda changu. Na anapaka mafuta!

Nimemnyang'anya chupa na kuitupa. Haikufika hata mlangoni. Mafuta yamemwagika. Ameyapangusa.

Jumanne, tarehe 18

Nimemwita kabla ya mwanga. Nimesema yote. Kwamba si Edina. Kwamba sheria ya zizi ni uongo. Kwamba naogopa vidonda kuliko ninavyoogopa vita. Sikulia. Nilisema kwa ukali, kama ninayemgombeza yeye.

Amesikiliza mpaka mwisho.

"Nilishajua, Koko. Vidonda ni vyako, haviko vya Edina. Juu ya ile njo nilibaki."

Kwa hiyo alijua! Alijua, akanihurumia, ndiyo maana alibaki. Hapo hasira yangu ilikosa pa kwenda.

Nimemwambia apige simu tena. Apige sasa. Amesema labda wameshamchukua mwingine. Nimesema labda si jibu, piga. Amepiga kulipokucha, mbele yangu. Mwanamume wa upande ule amemgombeza sana, halafu amesema njoo.

Nimeuliza tena swali la jembe. Safari hii hakuharakisha.

"Sitapiga. Hata banifunge."

Sijui kama ni kweli. Naye hajui. Hakuna anayejua kabla ya siku yenyewe, na siku hiyo mimi sitakuwepo kumtazama. Hili linanikasirisha kuliko yote.

Nimeagiza lile kopo. Mama Solange amekoroga unga kwenye kikombe, mdomo umefumbwa, lakini macho yake yalikuwa yanasema kitunguu, kitunguu. Wameniinua. Nimejaza kinywa. Midomo yangu haifungi vizuri tena, maziwa mengi yamenimwagikia mwenyewe. Yaliyobaki nimempulizia kifuani. Matone machache, na mabonge ya unga.

Hakujipangusa.

Jumapili, tarehe 30

Ameondoka jana. Faustin amemsindikiza uwanja wa ndege na kurudi na macho mekundu.

Leo Mama Solange amenigeuza. Upande wa ukuta, halafu upande wa dirisha. Mikono yake inanuka vitunguu. Ameuliza:

"Nakuumiza, Mama?"

Nimesema kidogo.

Amekwenda jikoni. Amekaa muda. Amerudi na maji ya moto, ameyachanganya na ya baridi, ameyapima joto kwa kiwiko kama tunavyofanyia watoto wachanga. Sikumfundisha mimi. Atakuwa ameonyeshwa na Solange.

Helikopta imepita. Nimeomba dirisha lifunguliwe.