Matofali ya Mlango wa Nyuma

Kolkata, 4 Julai

Mwanangu Nantu,

Pokea baraka zangu. U mzima? Unakula? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika mvua ikinyesha. Tangu wakupe unaibu wa mganga mkuu simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea Bishu muuza chai.

Leo walinzi wamezoa matofali yetu yote ya foleni kwenye mlango wa nyuma wa hospitali. Eti ni takataka, na sasa foleni itapangwa kwa simu. Takataka gani ina jina la mtu? Unajua wewe: tunayapanga alfajiri, kila mtu na lake lenye jina, tunakwenda kuosha vyombo vya watu maghorofani, saa nne tunarudi na nafasi zetu tunazikuta. Hakuna anayegusa tofali la mwenzie. Jirani yangu Jharna ana mimba ya miezi minane, presha inapanda, simu hana. Atapangaje foleni?

Hospitali hii ina miaka mia na thelathini. Mwaka wa kipindupindu ilitufuata yenyewe vichochoroni, wauguzi wakipiga hodi nyumba kwa nyumba. Leo sisi ndio uchafu?

Shangazi yako,
Nirupama

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula. Pole na magoti.

Hasira hasara, Shangazi. Bodi ndiyo iliyoamua. Foleni ya simu haina upendeleo, na mlango wa nyuma utajengewa ukuta kwa ajili ya usalama. Jharna aje mlango mkuu aniulizie, nitampitisha. Nakuomba usiwachochee wanawake.

Mwanao,
Nantu

18 Julai

Nantu,

Baraka unazo, ingawa leo nazitoa huku nasaga meno.

Jharna alikuja huko mlango mkuu. Mlinzi akamwambia, "Dada, huna namba, mimi sina masikio." Alisimama mvuani mpaka miguu ikavimba, akarudi. Na hata angepita, kesho ungempitisha nani? Hatutaki kupitishwa. Tulikuwa na zamu zetu.

Ukuta umekwisha. Fundi katoka jimbo la Bihar, Kibengali hasomi. Alikuta matofali yetu yamerundikwa pale, akayajengea, majina yote yakatazama upande wetu! Nilicheka mpaka nikalia.

Tangu juzi tunakuja wanawake sitini, kila mmoja anasimama mbele ya jina lake. La Jharna liko juu kabisa, tumempa kigoda akae chini yake. Meneja wa hospitali alichungulia kutoka dirisha la juu akapiga kelele, "Nyie kina mama, mnangoja nini? Huu ni ukuta!"

"Tunangoja zamu, baba," Jharna akamjibu. "Wewe endelea kuchungulia, usije ukaanguka tu. Hapa hatupokei mtu bila tofali."

Safu ya tatu kutoka chini, kushoto, pameandikwa Shefali. Mama yako. Alipofariki nilirithi tofali lake, nikawa napangia foleni mpaka walipolizoa. Zamu ya tofali hilo ndiyo iliyomwingiza wodini siku uliyozaliwa.

Nasikia wanataka kuupiga ukuta lipu, na wa kusaini ni wewe. Sikuombi kitu. Nakuonyesha lilipo tu. Mwacha asili ni mtumwa.

Shangazi yako,
Nirupama

24 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Jana jioni nilikuja upande wenu mlipokwisha kuondoka. Nililiona. Nililia, sioni haya kukwambia.

Karatasi ya lipu sikuisaini. Wamenipa barua ya onyo, wameahidi na ya pili. Waandike mpaka wino uwaishie.

Kesho saa nne nakuja hapo ukutani na meza, kipimo cha presha na wauguzi wawili waliosema heri wafukuzwe kuliko kuwaacha nje. Hospitali iliwahi kuwafuata vichochoroni, na itawafuata tena. Jharna ataanza kwa sababu ya hali yake. Wengine wote wataingia kwa zamu, na wewe utangoja yako.

Ombi moja. Alfajiri niwekee tofali mahali pa meza, mtu asinichukulie nafasi. Liandike Nantu. Udaktari usiuandike.

Mwanao,
Nantu wa Shefali