Ada ya Matangi ya Gesi Niliyoipinga

Alhamisi jioni, Kitale. Mvua imenyesha tangu saa nane na kutuachia ule ubaridi wa kutafuta sweta. Leo sikushona hata kifungo kimoja. Lakini nina shukrani ambayo sijui niipeleke wapi, kwa hivyo naiandika hapa.

Wanaonisoma wanajua mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule. Duka langu limepakana na kituo cha kujaza mitungi ya gesi ya kupikia. Tangi lao kubwa limezikwa ardhini, karibu na ukuta wangu. Huwezi kuliona. Unaona nyasi tu na kibao cha kukataza sigara, na kwa miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kulifikiria.

Mapema mwaka huu kaunti ilituita ukumbini tutoe maoni kuhusu ada mpya. Kila mwenye tangi la gesi chini ya ardhi angelipa kitu kila mwaka, na pesa hizo zingeenda kwa ukaguzi peke yake: gari, vifaa vya kupima, na mkaguzi wa pili. Wakati huo tulikuwa na mmoja tu, Bi Nafula, mwanamke mpole wa kutoka Bumula. Alisimama akasema ukweli wake. Sheria inamtaka akague kila tangi, lakini hana gari, na kifaa cha kupima gesi huwa anaazima.

Nilisimama baada yake. Nikasema, "Si hawa wenye matangi wataongeza tu bei ya gesi? Mwisho ni sisi tutalipa. Ati wanakagua nini, na hakuna tangi limewahi kutusumbua?"

Nilipigiwa makofi. Nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Ada ilipita hata hivyo.

Leo asubuhi stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo nilikuwa nje ya mlango nawasha makaa ya pasi. Ndani alikuwa Rael, ninayeshona naye, na mama mmoja aliyeleta binti yake kujaribu sare. Gari la kaunti likasimama kwa jirani. Bi Nafula akashuka na kifaa chake, akapima kule kwa tangi, akafuata ukuta pole pole mpaka kwangu. Akaomba kuingia. Alipoinama karibu na meza ya kukatia, pale mtaro unapopita chini ya sakafu, kifaa kikaanza kulia.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mama Naliaka, hiyo pasi ibaki huko nje, iondoe mbali kabisa. Nyinyi wengine tokeni sasa hivi. Msiguse swichi yoyote."

Tulisimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Yule mtoto bado alikuwa na sare yenye pini begani. Kituo kilifungwa, wakachimba, wakapata bomba limepasuka chini ya udongo. Gesi ilikuwa inatambaa kando ya mtaro hadi kwangu. Ni nzito kuliko hewa, Bi Nafula alinieleza, kwa hivyo inalala chini, inajikusanya.

Sasa ngoja nikiri jambo. Nilikuwa nimesikia harufu mbaya humo dukani kwa wiki kadhaa. Nilidhani ni mtaro, nikawa namwaga dawa ya choo. Na asubuhi za baridi nilikuwa nafunga mlango, naingiza pasi ya makaa na kuiweka karibu na meza hiyo hiyo.



Walipomaliza, nilimfuata Bi Nafula hadi kwenye gari lake. Nilimuuliza kama ananikumbuka.

"Nakukumbuka. Ulikuwa umevaa kitenge cha kijani."

Nikamwambia pole kwa maneno yale.

"Ulisema ulichoona, mama. Hata mimi sipendi kulipa ada, bana." Akafungua mlango wa gari. "Lakini bila hilo gari ningefika kwako lini? Sijui. Pengine nisingefika."

Mungu ambariki. Wabarikiwe pia wale waliokaa kimya nikipigiwa makofi, kisha wakaipitisha. Rael ni mzima. Yule binti amerudi kwao. Mimi ninakunywa chai.

Nimempigia mama yangu, anayekaa na kaka yangu Bungoma mjini, nyuma ya bohari ya gesi. Huko ada kama hii inajadiliwa kesho, na anasema watu wengi hawaitaki. Nimemwambia nitapanda gari la alfajiri nikaseme neno.

"Utasema nini," akaniuliza, "na wewe ndiye uliipinga ya kwenu?"

Nitaanza na hilo.