Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Kristianstad

Mama Mafuru, mke wangu,

Huku kwa Waswidi navaa soksi mbili-mbili, lakini mzima. Jana walimu wanaotufundisha ufundi wa pampu za maji walitupeleka kuona ngome ya mji huu. Zamani Wadenishi waliujenga kuwazuia Waswidi, Waswidi wakauchukua, Wadenishi wakauteka tena, mwisho Waswidi wakauzingira mpaka walio ndani wakaishiwa chakula.

Kabla maelezo hayajaisha, mimi nikaona foleni uani. Unanijua: nikasimama kwanza, kuuliza baadaye. Nikaweka na jiwe linishikie nafasi, kama tufanyavyo huko nyumbani kwenye foleni ya sukari, nikaenda msalani. Narudi, bibi mmoja wa Kiswidi kaliokota, ananikabidhi kwa adabu, anadhani nimelidondosha. Nikashukuru, nikaanza upya nyuma.

Nilidhani ni sukari. Kumbe wanaonjesha uji wa wale askari waliozingirwa, nafaka na maji tu. Wenzangu wakakunja uso. Mimi nikamaliza bakuli, nikaomba lingine. Ulikuwa uji wako kabisa, ule niliokuwaga naususa kila asubuhi kwa kukosa sukari, na hata siku ya safari nikakuachia maneno makali pale stendi ya Musoma.

Nikamuuliza mpishi wale askari waliishia wapi. "Njaa iliwashinda, wakasalimu amri."

Wewe sukari hamna, sabuni hamna, na kila alfajiri jiko letu hapo Makoko linawaka. Kwetu aliyesalimu amri kwa shida ni mimi peke yangu.

Sabuni nakuletea. Uji nipikie uleule, nitakunywa kimya.

Baba Mafuru