Shangazi wa Kwenye Barua

Jumamosi, wiki ya kwanza ya likizo. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Mimi pia niko hivyo hivyo. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimefungua kitabu cha jiografia, nikasoma ukurasa mmoja mara tatu, nikakifunga.

Jumanne tunatakiwa kusafiri, mimi na mama mdogo. Tunakwenda Kenya.

Neno hilo nimeliandika ili nilione. Tangu mpaka ulipofunguliwa tena, nusu ya mtaa wetu hapa Buhare imeshavuka Sirari na kurudi, na kila aliyerudi ana ushauri. Mimi si mwongeaji, kwa hiyo nimekuwa nikisikiliza na kuandika. Chukua sweta, Kisii kuna baridi. Kadi ya chanjo ya kipindupindu usiiweke ndani ya begi, ishike mkononi. Ukiingia dukani usianze na "samahani, naomba", maana watajua umetoka wapi kabla hujamaliza kusema, na bei itapanda. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika forodhani, itoe sabuni kwenye karatasi yake, uilowanishe kidogo, ionekane umeshaiogea. Jirani yetu mmoja alirudi amevaa magauni matatu, akateremka kwenye basi kama mtu aliyevimba mwili mzima.

Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama na anaishi hapa kwetu, anafuata sabuni, mafuta ya kupikia na mashuka. Siku hizi maduka ya Musoma yameanza kuwa na vitu, lakini vitu hivyo havikai, ukisikia vimefika ujue vimeshaisha. Mimi sikutaka kitu cha dukani. Nilitaka Kisumu. Nimekulia kando ya ziwa hili na sijawahi kuliona isipokuwa kutoka upande huu. Nataka nisimame Kisumu, nitazame maji haya haya, nione kama yanafanana.

Sasa niseme nilichofanya.

Ili upate hati ya kuvuka, lazima uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi, halafu katibu kata aigonge muhuri, ndipo uende uhamiaji. Balozi wetu ni Mzee Magesa. Macho yake yana ukungu, kwa hiyo sisi wanafunzi humwandikia barua za watu, yeye anatia sahihi na kugonga muhuri wake. Jumatano alitaka kunitajia maneno ya kuandika. Nikamwambia asihangaike, barua za kikazi tumefundishwa shuleni. Akafurahi. Akasema mtaa umepata karani.

Pale penye madhumuni ya safari niliandika: kununua sabuni, mafuta ya kupikia na mashuka, na mimi kuuona mji wa Kisumu.

Niliandika ukweli. Kwa herufi nzuri.

Jana katibu kata aliisoma kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Alipofika kwenye mashuka akaishusha karatasi.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Mwandiko mzuri sana." Watu wakacheka. Akamgeukia mama mdogo. "Sasa mama, hii ni biashara. Biashara haipiti kwangu, nenda kwa afisa biashara ukaombe leseni. Au uniletee barua nyingine Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo na mimi naenda likizo."

Nilitamani benchi linimeze. Tulipofika barabarani mama mdogo akanigeukia.

"Profesa," akasema, ndivyo anavyoniita, "hivi huko shuleni mnafundishwa kila kitu isipokuwa kunyamaza?"

Leo asubuhi nimerudi kwa Mzee Magesa. Niliogopa atakasirika, kumbe alikuwa amekwisha kusikia, akacheka hadi akakohoa.

"Mjukuu wangu, andika kama wenzio wanavyoandikaga. Kumtembelea shangazi ambaye ni mgonjwa. Kwenu mna shangazi Migori, si ndiyo? Basi! Wengine inabidi wamtafute, nyie mnaye kabisa."

Akanipa bahasha kubwa anamohifadhi nakala, nitazame mfano. Nikaanza kuzisoma. Barua ya mama: anakwenda kumtembelea wifi yake Nyangeta, ambaye ni mgonjwa. Barua ya binamu yangu: Shangazi Nyangeta, mgonjwa. Ya mama mdogo ya mwaka jana, na kwake huyo si shangazi hata kidogo: Nyangeta, mgonjwa sana. Nyingine ilikuwa ya jirani yule wa magauni matatu. Hata yeye amemwazima.

Shangazi Nyangeta ni dada yake baba. Aliolewa huko nikiwa sijaanza shule, halafu mpaka ukafungwa. Nilimkumbuka kama harufu ya moshi na kicheko kikubwa, basi.

Niliandika. Niliandika kama wote, Mzee Magesa akagonga muhuri, nikamshukuru.

Kisha nikaenda nyumbani, nikamuuliza mama mara ya mwisho alimwona lini wifi yake. Alikuwa anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua.

"Ukishuka Migori unawahi soko," akasema. "Ukimaliza soko, basi linaondoka. Tunasemaga safari ijayo."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimfuata mama mdogo uani, nikamwambia barua ipo tayari, lakini kama ninakwenda, tufike kwa shangazi kwanza.

Alinitazama kama nimezungumza Kiingereza.

"Ijumaa nina gulio Bunda. Huko Kenya tuna siku mbili tu. Siku moja soko. Hiyo nyingine ndiyo ya Kisumu yako, unaelewa? Ukienda kwa shangazi, Kisumu hakuna."

"Naelewa."

"Mwezi mzima umeniimbia Kisumu mpaka naiota. Leo unaniambia shangazi?"

"Nimeandika kwamba tunakwenda kwake."

"Kila mtu ameandika!"

"Ndiyo, mama mdogo."

Akabeba ndoo yake, akaiweka tena chini. "Haya. Ila njia uijue wewe. Mimi sitaulizia vijijini kama mpotevu."

Mchana baba alifika kutoka Butiama, anakofundisha. Nilimsubiri anawe, nikamuuliza njia ya kwenda kwa dada yake. Akauliza ni nani anayekwenda. Nikasema mimi. Alichukua kalamu yangu na kuchora: barabara, kanisa, daraja la miti, mnazi mmoja ambao alisema haukustahili kuwepo kule, lakini upo. Alichora bila kusita hata mahali pamoja. Halafu akaendelea kuishika ile karatasi ingawa alikuwa amemaliza, na ilibidi nimwombe anipe.

Nimeketi mlangoni sasa. Mvua bado haijaamua. Mama amefunga dagaa za Mugango kwenye gazeti, za kumpelekea, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nina huzuni kuhusu Kisumu, sitajidanganya. Lakini kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Nitafika kwake, nitapiga hodi, nitajitambulisha, nitamuuliza hali, kama mtu yeyote anavyouliza. Na yeye, baada ya miaka yote tuliyomwandika mgonjwa, akinijibu kwamba ni mzima wa afya na hajawahi kuugua, nitamwambia nini?