Msumari Uliotoka Duara

…basi ni kweli, Dada Neema, huku Rungwe mke hatazamani na baba mkwe. Juzi mume wangu, fundi wangu mzuri wa eksirei, alijiandaa kwa usaili wa kazi ya ile mashine mpya inayompiga mgonjwa picha kwa kumzunguka. Akasimamisha msumari kwenye sahani ya kuzungusha, mbele ya taa, achore kila kivuli ubaoni. Baba mkwe akapiga hodi. Nikikimbilia migombani nikaugonga ubao, nikanyamaza. Mume wangu alipounganisha vivuli vyote kwa hesabu, apate picha ya msumari ukitazamwa kwa juu, ukatoka duara badala ya nukta.

“Kazi nimeikosa,” akanong’ona.

Nikaungama. Tukapima: ubao ulisogea vidole viwili.

“Hatuchori upya,” akacheka. “Tunavipunguza vidole hivyo kwenye hesabu.”

Msumari ukawa nukta, nami nikabusiwa mchana kweupe. Usaili uko Dar. Tutapita kwako Morogoro kabla mwezi haujaisha, umwone mwenyewe.